Kumtoa nje mtoto wa mbwa: niliyoyaona Kigoma

Hapa Kigoma ukiuliza mtoto wa mbwa aanze kutoka nje akiwa na umri gani, wengi watakucheka. Mbwa kazaliwa nje, nyuma ya choo au chini ya banda la kuni, sasa unamtoa kutoka wapi? Jike huzaa sita au saba, na miezi mitatu baadaye unakuta wamebaki wawili. Watu husema hao ndio wenye nguvu zao, na maisha yanaendelea. Kauli hiyo nimeisikia tangu utotoni. Haikunisumbua mpaka siku nilipohitaji mbwa mmoja, huyohuyo, na nilimtaka aishi.

Nilimtaka kwa sababu ya kazi. Nauza dagaa kwa jumla: nanunua Kibirizi, boti zinakoshusha samaki, naanika, nafunga magunia, natafuta gari. Magunia yakilala nyumbani usiku mmoja tu, vibaka wanajua kabla yangu. Mjomba wangu wa Mwandiga alikuwa na jike wa kienyeji, mkali lakini mwenye akili, na alipozaa akaniwekea dume. Alitaka nimchukue akiwa na wiki tano.

"Huyu anakula ugali tayari, mama. Mchukue, ananimalizia muda wangu hapa."

"Shikamoo yako mjomba, lakini niachie mpaka zitimie wiki nane. Chakula chake nitaleta mimi."

Alicheka, akakubali. Hizo wiki tatu za nyongeza si anasa. Mtoto wa mbwa akicheza na ndugu zake akamng'ata mmoja kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unaisha. Hapo ndipo anapojua ung'ataji wake una kipimo. Aliyetolewa mapema hujifunzia kipimo hicho kwenye mikono ya watoto wako.

Wakati mbwa bado yuko Mwandiga, mimi nilikuwa nimehamia nyumba ya kupanga Mwanga. Nyumba nzuri, ina uzio, uwanja wa mchanga na mwembe mkubwa wenye kivuli siku nzima. Nikajisemea, hapa atacheza kwa raha, hana haja ya barabara. Basi siku moja nafagia, kijana wa jirani, darasa la nne hivi, akapenyeza kichwa kwenye uzio.

"Mama, ni kweli unaleta mbwa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Wa yule baba aliyehama walikufa wote. Pale chini ya mwembe. Walikuwa wanaharisha damu, wananuka sana."

Niliacha kufagia. Nilikwenda kwa mtaalamu wa mifugo tunayemwita daktari, maana kila mtu mtaani humwita hivyo, nikamweleza. Hakuhitaji maelezo marefu. Kutapika, kukataa chakula, kuharisha damu yenye harufu kali, kisha kufa ndani ya siku mbili tatu: akasema hiyo kwa kila dalili ni pavo. Kirusi chake hutoka kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa na hukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka na zaidi, hasa penye kivuli na unyevu. Jua kali hupunguza uhai wake. Kivuli cha mwembe wangu, nilichokuwa nakisifia, kilikuwa kinakihifadhi kirusi hicho.

"Kwa hiyo daktari, nimtoe nje akiwa na miezi mingapi?"

"Wewe unaogopa barabara, mama, wakati hatari iko uani kwako. Kabla hujahesabu wiki, jua ni mbwa gani wamejisaidia pale atakapokanyaga."

Maneno hayo yalinibadilishia hesabu yote. Nilikuwa nachora mstari kwenye geti: ndani salama, nje hatari. Kumbe mtoto wa mbwa aliyebebwa mkononi katikati ya soko anaweza kuwa salama kuliko aliyeachwa anuse mizizi ya mti nyumbani. Pavo haihitaji mbwa mgonjwa awepo. Inahitaji ardhi aliyoichafua, au kiatu kilichoikanyaga ardhi hiyo kikaingia sebuleni.

Kuhusu sindano, daktari alinieleza jambo ambalo wauzaji wengi wa mbwa hawalielezi, kwa nini haitoshi kuchanja mara moja. Mtoto anaponyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, anapokea kinga ya mama yake. Kinga hiyo ni kama mlinzi mkali asiyeuliza jina: inaufukuza ugonjwa, na inamfukuza pia mwalimu aliyekuja kufundisha, yaani chanjo. Kwa hiyo ukichanja wiki ya sita wakati kinga ya mama bado ina nguvu, chanjo inaweza kuishia hewani. Kinga hiyo hupungua kidogo kidogo, na kwa kila mtoto kwa wakati wake. Kuna aliyekwishabaki mtupu wiki ya nane, na kuna ambaye bado anayo wiki ya kumi na nne, hata kama wamezaliwa tumbo moja. Huwezi kujua kwa kumtazama. Ndiyo maana sindano huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, na ya mwisho isiwe kabla ya wiki ya 16. Kisha unasubiri wiki moja au mbili mwili ujenge kinga. Mtu akikwambia mbwa wake "ameshachanjwa", muulize mara ngapi na ya mwisho alikuwa na wiki ngapi. Sindano moja ya wiki ya saba ni mwanzo tu.

Sasa kuipata hiyo chanjo. Ya kichaa cha mbwa sikuhangaika kuipata. Ile ya mchanganyiko, inayokinga pavo na ugonjwa mwingine uitwao distempa, ilibidi iagizwe, ije safari yote ndefu ya kutoka Dar. Tuliungana wafugaji kadhaa tukaagiza pamoja. Inatakiwa isafiri na kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, isigande wala isipate joto. Kwa hiyo mzigo ulipofika sikutazama kwanza risiti, nilitia mkono kwenye boksi kuona kama barafu bado ipo. Ilikuwepo. Daktari alinionyesha vichupa viwili: kimoja kina kitu kikavu, cheupe, kama kipande kidogo cha chaki kilichong'ang'ania chini, kingine kina maji. Anavuta maji kwa sindano, anayaingiza kwenye kile kikavu, anageuza taratibu mpaka kinayeyuka chote, ndipo anachoma, palepale. Halafu akabandua karatasi ndogo ya kichupa akaibandika kwenye kadi, akaandika tarehe na kutia saini. Kuanzia siku hiyo nikiona kadi ya mbwa isiyo na zile karatasi ndogo, nauliza maswali.

Distempa nayo si ya kuchukulia poa. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliwaua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Simba. Kwa mtoto wa mbwa huanza na makamasi na macho yenye tongotongo, watu wakadhani ni mafua ya msimu wa mvua, mpaka aanze kutetemeka na kutupatupa miguu. Wenye bahati hupona, wengine hubaki na mtikisiko wa misuli maisha yao yote.

Ukisikia yote hayo, wazo la kwanza ni kumfungia chumbani hadi miezi minne na zaidi. Nililitaja kwa daktari, akatikisa kichwa. Kuna kitu kinaisha mapema kuliko ratiba ya sindano. Tangu wiki ya 3 hadi ya 12 au ya 14 hivi, ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea mapya bila woga mwingi: mlio huu ni wa kawaida, mtu mwenye kofia ni wa kawaida, pikipiki ni ya kawaida. Baada ya hapo mlango huo unajifunga, na asichokizoea anaanza kukiogopa. Mbwa mwoga ndiye mbwa anayeuma ovyo. Nimewaona mbwa wa ulinzi waliofungiwa tangu wadogo: anaubwekea mfuko wa rambo unaopeperushwa na upepo, mwizi akija anajikunyata uvunguni. Huyo analindwa, halindi.

Huko Marekani madaktari wanaoshughulika na tabia za wanyama huruhusu watoto wa mbwa kuanza kukutanishwa na wenzao kuanzia wiki ya 7 au ya 8, ilimradi siku saba ziwe zimepita tangu sindano ya kwanza na mahali pawe safi. Sisi hapa hatuna kumbi za namna hiyo. Mimi nilikuwa na kapu.

Ni kapu lilelile la sokoni, la ukindu, nimetandika kipande cha kanga kuukuu chini. Popi (jina walimpa watoto wa jirani, mimi nilikuwa na jingine kubwa zaidi) anakaa humo, kichwa nje, miguu haigusi ardhi. Sindano ya kwanza ilipopita wiki yake nikaanza kuzunguka naye. Bodaboda ilimtisha mara ya kwanza, akajikojolea, tukaendelea. Nilimsogeza stesheni, pale kwenye jengo la Wajerumani ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914, nikasimama mbali kidogo treni inapiga honi. Masikio yakalala nyuma, akatazama uso wangu. Mimi nikaendelea kutafuna karanga zangu kama vile hakuna kitu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: usimbembeleze sana, maana ukimshika kwa hofu na wewe umemthibitishia kwamba kuna jambo. Nilimpa kipande cha dagaa, akala. Mbwa anayekula hajaogopa sana. Akikataa hata dagaa, ondoka, umemsogeza karibu mno.

Kibirizi ndiko nilikokuwa mkali zaidi. Asiyepafahamu ajue kwamba boti zikishusha, mchanga ule unajaa vichwa vya migebuka, matumbo ya samaki na magamba, na mbwa koko hawatoki hapo. Wanakula, wanajisaidia, wanagombana, wanalala palepale. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kumshusha mtoto wa mbwa asiyemaliza sindano. Lakini hakuna pia mahali penye mafunzo mengi kama pale: makelele ya wapakuzi, injini za boti, akina mama wa Kiha na wa Kimanyema wanabishana bei, watoto wanakimbia, kunguru. Basi kapu mezani, juu, na mkono wangu umeshika shingo yake. Wateja walikuja kumgusa kichwa. Nilikuwa nawaomba wasafishe mikono kwanza kama wametoka kushika mbwa wao. Wengine walinuna, "huyo mbwa au mtoto wa waziri?" Nikawajibu ni mtoto wa mlinzi.

Suala la majirani linahitaji maneno yake. Mji huu ni wa Waislamu wengi, kuanzia Ujiji hadi huku, na mate ya mbwa ni najisi. Aliyerambwa ana kazi ya kujisafisha kabla ya kuswali, nguo nayo vilevile. Ukimzoesha mbwa wako watu bila kuwaza hilo, utamzoesha ugomvi. Jirani yangu ni bibi wa Kimanyema, mtu mzima sana, anakaa barazani kwake kutwa na tasbihi. Nilimfuata kabla mbwa hajafika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unaleta mbwa."

"Ndiyo, bibi, wa kulinda mizigo. Nimekuja kuomba radhi mapema, na kukuomba tumwonyeshe sura yako asije akakubwekea ukipita."

Akafikiri. "Kulinda ni sawa, hakuna ubaya. Mlete nimwone. Ila asinirambe, nina udhu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kapu likawekwa hatua chache kutoka barazani, bibi anaongea naye kwa sauti, "we kibwengo, umekula?", na Popi anatikisa mkia humohumo. Hakumgusa hata mara moja, na haikuhitajika. Mbwa anaizoea sauti, mwendo na harufu ya mtu bila kuguswa. Adhana ya msikiti ulio karibu nayo aliizoea hivyohivyo akiwa mdogo, maana wako mbwa wanaobweka kwa sauti ndefu kila spika ikilia, na majirani huichukulia vibaya.

Uani nako kulikuwa na kazi. Mchanga hauwezi kuoshwa kwa dawa ukasafika. Dawa inaishia kwenye taka na udongo. Kwa hiyo chini ya mwembe nilipazungushia wavu, pakawa si mahali pake. Yeye alipewa varanda ya saruji. Niliisugua kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote ukatoka, kisha nikamwaga maji yenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa thelathini ya maji, yaani kama mililita 330 kwenye ndoo ya lita 10. Nikaiacha imelowa dakika kumi kabla ya kusuuza na kuacha ikauke juani. Viatu vya nje viliishia kwenye ngazi. Haja yake alifanyia kwenye kona moja ya varanda juu ya gazeti, na nilikusanya mara tu alipomaliza. Mgeni aliyetoka kwenye nyumba yenye mbwa mgonjwa alikaribishwa kiti nje, tukanywa chai huko.

Hayo ya pavo ndiyo yanayoua haraka, lakini ardhi ina mengine. Minyoo haisubiri hata atoke: ile mirefu humwingia angali tumboni mwa mama, na mingine kwenye maziwa. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili ya maisha na kurudiwa kila wiki mbili mpaka aache kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mjomba kule Mwandiga aliona maajabu kumpa dawa kiumbe ambaye ndiyo kwanza anafumbua macho, ila alimpa. Safura ya mbwa hupenya hata miguu ya watoto wetu wanaocheza peku kwenye mchanga, ikachora mistari ya mwasho chini ya ngozi, kwa hiyo kuokota kinyesi ni kwa faida ya wanao pia. Funza nao: tazama kati ya vidole vya mbwa wako msimu wa kiangazi, penye vumbi.

Kuhusu kupe nitasema jambo moja kwa msisitizo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya mtoto wa mbwa. Huku vijijini mtu anachanganya kwa kukadiria kwa macho, anamchovya mbwa mzima mzima, halafu anashangaa mtoto analegea, anatokwa na udenda, anakufa jioni. Soma karatasi ya dawa. Nyingi zinataja umri. Akiwa mdogo sana, kaa naye kivulini umng'oe kupe mmoja mmoja kwa kibano. Ni kazi ya kukera lakini haiui.

Siku ya kushuka chini ilipofika, sindano ya mwisho imepita na wiki mbili juu yake, sikumpeleka Kibirizi. Tulianza kwenye njia ya nyuma, kavu, inayopigwa na jua, asubuhi mapema kabla mchanga haujachemka. Weka kiganja chako ardhini. Kama huwezi kukiacha hapo, nyayo zake pia haziwezi. Kamba yake niliisuka mwenyewe kwa uzi wa nyavu, na ilichukua siku kadhaa aache kuitafuna. Mwendo ulikuwa mfupi, kwa sababu mifupa ya mbwa mdogo bado laini. Madimbwi ya mvua tuliyazunguka, maana mkojo wa panya ukiingia humo huleta ugonjwa wa ini na figo unaowapata hata watu.

Kichaa cha mbwa alichanjwa akiwa na miezi mitatu, kadi nyingine, na inarudiwa kama daktari anavyoandika. Watoto wa jirani niliwaeleza jambo lililonitoka moyoni kuliko yote hayo: mbwa yeyote akikuuma, wa kwangu au wa nani, usifiche kwa kuogopa kuchapwa. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Ugonjwa huo dalili zikishatokea hauna tiba, lakini sindano zikiwahi zinauzuia. Yule wa darasa la nne akaniuliza kama dawa ya kubandika ya kitunguu saumu haitoshi. Haitoshi.

Popi sasa anafuata kapu kwa miguu yake. Kibirizi anapita katikati ya mbwa koko bila kujali, na magunia yangu yanalala salama. Jike wa mjomba amezaa tena, na mjukuu wa bibi, anayefanya kazi ya bajaji, ameshanijia mara kadhaa akitaka twende Mwandiga akachague. Nimemwambia aagize kwanza chanjo, maana kufika kwake huku kunachukua muda, na aniambie ile nyumba aliyohamia Gungu ilikuwa na mbwa gani kabla yake. Amekwenda kumuuliza mwenye nyumba.